Feza wa Kilo Arobaini na Nane

Kimono kumi na mbili zilirudi kibandani kwa fundi Kasongo siku ya nne tangu zichukuliwe, zote zimechanika. Nyingine zilikuwa zimeachia mabegani, nyingine kwapani, na moja ilikuwa imepasuka mgongoni kutoka shingoni hadi mkandani, kama samaki aliyepasuliwa ili akaushwe moshini. Aliyezileta alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu mfupi mwenye miwani, ambaye watu wa mtaa wa Tshopo walimwita Maître Augustin. Kwenye karatasi za serikali aliitwa citoyen Lomboto, yaani raia Lomboto, maana hiyo ilikuwa miaka ambayo majina ya ubatizo yalikatazwa Zaire nzima. Lakini midomo ya mtaani haikuwahi kuisoma amri hiyo.

"Papa Kasongo," alisema Maître, akiuweka mzigo juu ya meza ya cherehani, "nguo zako ziko muzuri kwa kuangalia. Kwa kazi, bado."

Fundi Kasongo alikuwa amefika Kisangani kutoka Maniema na cherehani yake kichwani, na kwa miaka kumi na saba pale sokoni hakuna mtu aliyewahi kumrudishia nguo. Aliinua kimono moja, akaichungulia juani kupitia tundu la kwapa.

"Hii ni amerikani ya safu mbili!" alisema. "Munaivaa, ao munaipiganisha na mbwa?"

"Tunaivaa, papa."

"Feza!"

Binti yake alitoka nyuma ya pazia na vifungo mdomoni. Alikuwa na miaka kumi na sita, mwembamba kama sindano ya magunia, na tangu aache shule ndiye aliyekuwa mkono wa pili wa baba yake.

"Kwenda na huyu mwalimu," alisema fundi. "Ukae kule, uangalie banaivuta wapi. Halafu ukuje uniambie."

Hivyo ndivyo Feza Kasongo alivyoingia katika judo, mwaka 1976, kwa ajili ya mshono.

Klabu ya Maître Augustin ilikuwa katika bohari la kahawa lililoachwa, karibu na mto Tshopo, mahali ambapo maji ya bwawa la umeme yalisikika mchana kutwa yakinguruma kama mtu asiyekoma kukoroma. Tatami za kweli, mikeka minene ya kuangukia, hazikuwapo. Vijana walikuwa wameomba vumbi la mbao kwenye kiwanda cha kupasua magogo, wakalimwaga chini, wakalishindilia kwa miguu, kisha wakatandika juu yake turubai la lori na kulikaza kwa misumari pembeni. Juu ya turubai hilo wanaume kumi na wawili walikuwa wakishikana na kuangushana.

Feza alikaa kwenye gunia, akatazama saa nzima bila kupepesa. Mwanzoni aliangalia mishono tu, kama alivyotumwa. Baadaye aliona jambo ambalo hakutumwa kuliona. Kitambaa kilikuwa kikisema kabla ya watu. Mtu mmoja, Wenceslas, fundi umeme wa bwawani, mwenye kifua kama mlango, alikuwa akivutwa na kijana mwembamba. Feza aliona mkunjo unatembea kutoka mkononi hadi begani, kisha ukakaza shingoni, akajua kwamba Wenceslas ataanguka. Na kweli akaanguka, turubai likatoa vumbi pande zote nne.

Aliporudi kibandani, baba yake alikuwa amekwisha kutafuta uzi mnene.

"Banavuta wapi?"

"Begani na nyuma ya kiwiko, papa. Lakini hawavute kwa nguvu tu. Banavuta kwa pembe. Kitambaa kinachanika pale mutu anakaribia kuanguka."

"Miye nilikutuma kuangalia nguo ao batu?"

"Nguo, papa. Lakini batu walikuwa ndani."

Walizishona upya wote wawili, kwa mishono mitatu ya sambamba na viraka vya turubai ndani ya mabega. Feza alizipeleka mwenyewe, akangoja mazoezi yaanze, akaona hakuna hata moja iliyoachia. Kisha, badala ya kurudi nyumbani, alimwendea Maître na kumwambia kwamba angependa kujaribu moja kwa mwili wake, ili ajue inavyobana. Maître alimwangalia juu ya miwani. Alikuwa mwalimu, alijua mwanafunzi anapotafuta mlango wa pembeni.

"Uko na kilo ngapi?"

"Arobaini na tatu."

"Na hapa hakuna mutu chini ya sitini."

"Bon," alisema Feza, "basi hakuna atakayenichanganya na mutu mwingine."

Miezi miwili alifundishwa kuanguka tu. Kuanguka nyuma, kuanguka pembeni, kujiviringisha juu ya bega na kusimama. Alirudi nyumbani na vumbi la mbao kwenye nywele, na mama yake, aliyekuwa akimsuka, alilikung'uta bila kuuliza. Aliyeuliza ni baba, na alichouliza kilikuwa kimoja: "Nani anakushika kule?" Yeye alikuwa mtu wa msikiti, na jambo la binti yake kushikwa kola na wanaume halikumpa usingizi. Feza hakubishana naye. Alimwambia, "Ukuje uone, papa. Ukisema hapana baada ya kuona, nitaacha."

Fundi Kasongo alikwenda Jumamosi moja, kofia kichwani, tasbihi mkononi. Alikaa kwenye gunia lile lile. Aliona jinsi wanavyoinamiana kabla ya kushikana na baada ya kuachana, aliona hakuna anayemcheka mwingine, na mwishoni aliona binti yake akiingia chini ya kifua cha Wenceslas, mgongo kwa tumbo, akimbeba kilo themanini na mbili mgongoni na kumtua chini upande wa pili. Wenceslas aligonga turubai kwa kiganja, akainuka, akainama.

Walipofika sokoni, fundi alimpima mabega kwa macho.

"Ile kimono unavaa ni ya mwanaume," alisema. "Inakuvuka mabega. Kesho nitakukata yako."

Miaka mitatu ilipita hivyo, cherehani asubuhi na turubai alasiri. Msichana wa pili alikuja, Berthe, mwanafunzi wa uuguzi, mnene na mchangamfu, na tangu hapo Feza alikuwa na mtu wa kubadilisha naye nguo nyuma ya pazia la magunia. Lakini wasichana wawili walionekana zaidi ya mmoja. Siku moja mkubwa mmoja wa vijana wa chama tawala katika mtaa ule alikuja boharini akiwa amevaa abakosi yake, lile koti la chama lisilovaliwa tai, iliyopigwa pasi, akasimama mlangoni na kidole juu.

"Citoyen mwalimu, batu wanasema hapa wanawake banavaa pantalon. Unajua sheria. Mwanamuke wa Zaïre anavaa pagne. Authenticité iko authenticité, tufuate desturi yetu."

Maître alianza kueleza habari za Japani, na kadiri alivyoeleza ndivyo kidole kilivyozidi kupanda. Feza alimsikiliza mpaka akachoka. Aliingia nyuma ya pazia, akatoka amejifunga pagne ya bluu juu ya suruali ya kimono, kiunoni, kwa fundo la sokoni. Alitembea polepole mpaka ukingoni mwa turubai.

"Hapa ni Zaïre," alisema, akionyesha sakafu aliyosimama. Akafungua fundo, akaikunja pagne mara nne, akaiweka chini, akapanda juu ya turubai. "Na hapa ni judo. Nikimaliza, narudi Zaïre."

Wenceslas aligeukia ukuta ili asionekane anacheka. Yule mkubwa alifikiri kidogo, akatafuta kosa, asilipate. Aliondoka akisema ataliangalia jambo hilo, na hakurudi. Tangu siku ile Feza alikwenda kila pambano na pagne yake kiunoni, akaifungua ukingoni na si kabla.

Mwaka 1980 barua ilifika kutoka Kinshasa. Mashindano ya taifa yangekuwa na wanawake, na uzito wa chini kabisa ulikuwa kilo arobaini na nane. Feza sasa alikuwa na miaka ishirini na kilo arobaini na saba juu ya mizani ya zahanati. Maître aliisoma barua mara mbili, akaifuta miwani, akasema kwa sauti ya darasani kwamba kwa mara ya kwanza maishani mwake atampeleka mtu mwenye uzito unaostahili.

Waliteremka mto kwa courrier, meli ya abiria inayosukuma matishari: Maître, Wenceslas na Feza, juu ya tishari la pili, katikati ya mabunda ya samaki wa moshi, mbuzi, mikungu ya makemba na familia zilizotandika mikeka. Kinshasa ilikuwa siku nane mbele. Karibu na mkeka wao alikaa Mama Colette, mfanyabiashara wa Yanonge aliyemjua mama yake Feza, mwanamke mwenye mikono ya kupiga kasia na moyo wa kulisha. Aliposikia binti huyu anakwenda kupigana kwa jina la Kisangani, alichukua sufuria yake kubwa zaidi.

"Mutu ya kupigana anakula," alisema. "Wale ba Kinois pale Kinshasa watakuona hivi, watasema Boyoma, Kisangani yetu, iko na njaa."

Asubuhi ilikuwa lituma, makemba ya kuponda, na samaki. Mchana liboke, samaki aliyepikwa ndani ya majani, likifunguliwa na mvuke wake. Kila kituo, Isangi, Basoko, Bumba, mitumbwi ilijifunga ubavuni mwa meli, na Mama Colette aliinama juu ya chuma akanunua kilicho kipya, akarudi akimwita Feza. Kumkatalia mama wa rika lile mbele ya watu lilikuwa jambo ambalo Feza hakufundishwa. Naye alikuwa na miaka ishirini, na upepo wa mto unatia njaa.

Kwenye kituo cha Mbandaka, mfanyabiashara mmoja alitundika mizani yake kupima mabunda. Maître, kwa tahadhari tu, alimwomba Feza ajining'inize kwenye ndoano. Mshale ulipita arobaini na nane, ukapita arobaini na tisa, ukasimama kwenye hamsini na nusu.

Maître aliusoma mshale mara ya pili. Alivua miwani akaangalia mto.

"Siku ngapi zimebaki?" aliuliza Feza.

"Mbili. Tatu, kama tutakwama mchangani."

"Basi tuombe tukwame," alisema, akashuka kwenye ndoano.

Alikwenda kwanza kwa Mama Colette, akapiga goti, akamwambia: "Mama, umenilisha kama mutoto wako. Sasa unisaidie kama mutoto wako. Usinipe kitu mpaka Kinshasa, na mutu mwingine akinipa, umufukuze." Mama Colette alishika kichwa, akalia kidogo kwa aibu, kisha akawa polisi. Feza akavaa makoti mawili ya mvua ya mabaharia, akaanza kukimbia. Tishari lilikuwa na njia nyembamba pembeni, upana wa miguu miwili, na alilizunguka tangu jua lilipochomoza, akiruka kamba na mbuzi, akapumzika kwa kukaa ukutani mwa chumba cha injini, mahali pa moto usiovumilika. Abiria walianza kuhesabu mizunguko. Siku ya pili watoto wote wa tishari walikimbia nyuma yake, na wanawake walipiga makofi alipopita. Wenceslas, aliyeanza kukimbia naye ili asichekwe peke yake, alishindwa mzunguko wa thelathini akabaki kuhesabu.

Walikwama mchangani nusu siku. Kinshasa, mbele ya meza ya wapimaji, mizani ilionyesha kilo arobaini na saba na gramu mia nane. Maître Augustin alikaa chini palepale, juu ya begi.

Ukumbini, alipotokea na pagne yake kiunoni, watu elfu moja waliangua kicheko. Mtu mmoja alipiga kelele kwa Kilingala akimuuliza kama amekuja kuuza pondu, yaani kisamvu. Feza alifika ukingoni, akafungua fundo, akakunja mara nne, akapanda. Mpinzani wa kwanza, msichana wa Bukavu, alikuwa chini sekunde ishirini na mbili baadaye, mgongo mzima, na mwamuzi aliinua mkono juu kabisa. Hiyo ndiyo ippon: ushindi kamili, hakuna hesabu nyingine baada yake. Wa pili alimchukua dakika tatu. Alipotoka kujiandaa kwa fainali na pagne yake kiunoni tena, ukumbi haukucheka.

Fainali ilikuwa na Élise, mwenyeji, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyekuwa na makocha wawili na kimono nyeupe iliyotoka ng'ambo. Feza alimshika kama alivyomshika kila mtu, akangoja kitambaa kiseme. Kitambaa kikasema, lakini kutoka upande usiofaa. Élise alikuwa wa mkono wa kushoto. Kila mvuto ulifika pale Feza hakuwa na masikio. Katika dakika ya tatu Feza alipigwa mtama kidogo, akakaa kitako, Élise akapata pointi ndogo kuliko zote. Hakuweza kuirudisha.

Alipewa medali ya feza, ile fedha ya nafasi ya pili. Utani ulianza kabla hajashuka jukwaani na ulifika Kisangani kabla yake: Feza amepata feza, jina limejua njia. Sokoni watu walimwita wakicheka kwa upendo, na yeye alicheka nao siku mbili. Siku ya tatu mzee mmoja aliyekuja kukatiwa suruali alipousema tena, Feza aliweka mkasi chini.

"Papa," alisema, "jina nilipewa na nkambo aliyemuzaa papa. Medali nitajichagulia miye."

Kisha akaenda boharini akamwambia Wenceslas: "Kuanzia leo weye uko mwanamuke wa mukono wa kushoto."

Wenceslas, mtu mwema, alikubali. Alifunga mkono wake wa kulia ndani ya mkanda na kumshika kwa wa kushoto peke yake, siku tatu kwa juma, kwa miezi. Mwanzoni alikuwa mzito na mjinga kama mtu anayekula kwa mkono asiouzoea. Lakini mkono ule ulijifunza, na kadiri ulivyojifunza ndivyo Feza alivyoanguka. Hakuhuzunika. Kila alipoanguka aliuliza, "Ulivuta kutoka wapi?" na Wenceslas alieleza, na wakarudia. Berthe alikuwa akiandika kwenye daftari lake la uuguzi, pembeni mwa michoro ya mifupa. Mwishoni mwa mwaka wa pili Feza alikuwa akimwangusha pande zote mbili, na Wenceslas aligundua kwamba anaweza kufunga waya kwa mkono wa kushoto akiwa juu ya nguzo. Alisema hiyo ndiyo faida yake.

Mashindano ya 1982 yalimkuta na miaka ishirini na miwili, bila woga. Alishinda mapambano mawili ya kwanza bila kutoka jasho la kutosha kulowesha kola. Élise alikuwa amekuja fainali kwa njia yake, akiwa mkali zaidi kuliko zamani, na walipoinamiana walitabasamu kama watu waliofikiriana miaka miwili.

Élise alishika kushoto. Feza alimwachia. Alimwachia mkono, akamwachia na kola, jambo lililomfanya Maître ainuke kutoka kwenye kiti na kuvunja kalamu aliyokuwa ameishika. Dakika ya kwanza ilipita, ya pili ikaanza. Élise alivuta mara moja kujaribu, akavuta tena. Mara ya tatu Feza alisikia nguo ikikaza nyuma ya kiwiko chake cha kulia, akajua kwamba safari hii si jaribio. Hakuuzuia mvuto ule. Aliufuata, akaenda nao mbele kwa kasi kuliko Élise alivyoomba, akageuka ndani ya kifua chake, akainama, na kilo arobaini na nane za Kinshasa zikapita juu ya bega lake na kulala mgongo kwenye tatami. Mlio wake ulikuwa mmoja, safi.

Mkono wa mwamuzi ulikwenda juu kabisa.

Feza hakuruka wala hakulia. Alimpa Élise mkono akamwinua, akajirekebisha mkanda, akainama. Élise alimnong'oneza, "Nani amekufundisha kushoto?"

"Fundi umeme," alisema Feza. Élise alidhani ni mzaha.

Kisangani ilimpokea bandarini kwa ngoma na matawi. Alikuwapo pia yule mkubwa wa vijana wa chama, sasa amepanda cheo, na mpiga picha pembeni yake. Alimshika Feza mkono kwa muda mrefu kuliko salamu inavyodai. Alisema kwamba tarehe ishirini mwezi wa tano, sikukuu ya chama, kiwanja kizima kingependa kumwona binti wa Boyoma akionyesha kazi yake.

"Nitaonyesha," alisema Feza. "Lakini miye peke yangu ni kidogo kwa kiwanja kizima. Nipe wasichana. Useme kwenye mitaa kwamba mutoto mwanamuke anaweza kuja kwetu, na hakuna mutu atamuuliza habari ya pantalon."

Mkubwa alimtazama, akamtazama mpiga picha aliyekuwa anangoja.

"Bon," alisema. "Pagne mpaka ukingoni?"

"Mpaka ukingoni."

Siku ya sikukuu alimwangusha Wenceslas mara kumi na moja mbele ya kiwanja kilichojaa, na kila mara Wenceslas alianguka kwa ufundi na kishindo. Juma lililofuata wasichana kumi na wanne walikuwa wamesimama mlangoni mwa bohari. Waliobaki baada ya miezi miwili ya kuanguka walikuwa sita, na Maître alisema hiyo ni asilimia nzuri kuliko ya darasa lake la hesabu.

Alishinda tena taifa 1983. Mwaka uliofuata alipelekwa Brazzaville, kwenye mashindano ya nchi kadhaa, na huko alikutana na msichana kutoka Algeria ambaye hakumpa nafasi ya kusikia chochote. Sekunde arobaini, na Feza alikuwa anaangalia dari. Alishinda pambano la nafasi ya tatu, akarudi na shaba. Waandishi wa redio ya Kisangani walimtafutia visingizio: maji ya Brazzaville, waamuzi, uchovu wa safari. Aliwakatalia vyote.

"Maji yalikuwa muzuri," alisema kwenye kinasa sauti. "Yule dada alinizidi. Nimefurahi nimemuona, maana sasa najua kunabaki njia gani."

Baba yake, aliyesikiliza redio kibandani pamoja na soko zima, alipiga meza kwa mkasi akasema, "Huyo ni wangu."

Njia ile hakuimaliza yote, na hakujidanganya kwamba ataimaliza. Alishika taifa mara nne kwa jumla. Mwaka 1986 goti la kushoto lilijipinda, Berthe, sasa muuguzi kamili, akalifunga na kumkataza turubai miezi mitano, naye Feza akakaa mitatu tu. Aliolewa na mwalimu wa ufundi kutoka Kindu ambaye siku ya posa alimwambia fundi Kasongo kwamba anajua anachokiomba, kwani amewahi kuangushwa nacho. Akazaa mtoto wa kiume, akarudi kwenye kilo zake arobaini na nane kwa kukimbia asubuhi hadi darajani na kurudi.

Mwaka 1988, katika mchujo wa Kisangani, alikutana fainali na Clémence. Clémence alikuwa mmoja wa wale sita. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mtoto wa wavuvi wa Isangi, miguu mifupi, mpole nje ya turubai na mkaidi juu yake. Feza ndiye aliyemfundisha kila kitu alichojua. Kabla ya pambano Clémence alimjia nyuma ya pazia, macho chini.

"Ya Feza, dada, nifanye nini?"

"Unishike kama hunijui," alisema Feza. "Ukinihurumia nitakuangusha, halafu nitakasirika."

Bohari lilijaa mpaka madirishani. Dakika nzima hakuna aliyepata kitu. Feza alitangulia, kwa pointi ndogo, kisha kwa nyingine, na wengi walidhani yamekwisha. Katika dakika ya mwisho Clémence alivuta begani, Feza akajibu kama alivyojibu maelfu ya mara, na hapo akagundua kwamba mvuto ule ulikuwa wa uongo. Wa kweli ulikuwa unakuja kutoka chini, mguu ukifagia kifundo chake cha kulia kwa wakati ule hasa aliokuwa akihamisha uzito. Jambo hilo hakumfundisha. Clémence alikuwa amelitengeneza mwenyewe, akalificha, akalihifadhi kwa siku hiyo.

Feza aliona mapaa ya bati, kisha uso wa Maître Augustin, ambaye alikuwa mwamuzi na ambaye mkono wake ulikuwa juu kabisa.

Alilala pale sekunde mbili au tatu. Watu walitazamana, hawajui kama washangilie. Kisha wakasikia sauti ya ajabu, wakasogea, wakaona kwamba Feza anacheka, mgongo chini, mikono wazi, anacheka kama mtu aliyeambiwa habari njema ambayo alikuwa akiingojea bila kujua.

"Ulikifanyia wapi kile kitu?" aliuliza, akiwa bado chini.

"Nyumbani," alisema Clémence, machozi yakimtiririka. "Na dada yangu. Kwenye mchanga."

"Nisamehe, Ya Feza," aliongeza Clémence.

"Nisamehe nini? Unipe mukono, uniinue."

Clémence alimwinua. Wakasimama sawasawa, wakainamiana, chini zaidi kuliko sheria inavyodai, na hapo ndipo bohari lilipolipuka. Feza alijifuta uso kwa mkono wa kimono, akatembea hadi kwenye meza ambapo Maître alikuwa na karatasi ya kupeleka Kinshasa, safu ya kwanza bado tupu, kilo arobaini na nane.

"Andika, Maître," alisema. "Clémence. Na mwaka huu, kwa upande wa mwalimu wa wanawake, usiache tupu tena. Andika Kasongo."

Maître alichovya kalamu, akaandika majina yote mawili kwa mwandiko wake wa ubaoni, akapuliza wino ukauke.

Clémence alikuwa angali amesimama katikati ya turubai, hajui aelekee wapi. Feza akamgeukia.

"Kesho asubuhi, saa kumi na mbili, hapa," alimwambia. "Ule mguu wako unafika kwa kuchelewa kidogo. Miye nimeuona. Kinshasa watauona vile vile."